Mtungi Wangu Haupimwi kwa Kangomba

Geji ya mtungi wangu wa gesi ilikuwa kwenye kijani. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemsimulia aliniuliza kwanza, "Kwani hukutazama geji?" Nilitazama. Nilitazama alfajiri tukitoka Mtwara mjini, nikatazama saa tisa alasiri nilipobandika maharage, nikatazama tena magharibi wakati napeta mchele. Mshale ulikuwa umelala palepale penye rangi ya majani mabichi. Saa mbili na nusu usiku moto ukapungua chini ya sufuria, ukawa duara jembamba la bluu, ukapepesuka mara mbili, ukazimika.

Ilikuwa Novemba ya 2021, msimu wa korosho umekolea, na sisi tuko kijijini wilayani Tandahimba. Mimi ni mama lishe, ila jiko langu linatembea. Nina kirikuu, ile Suzuki Carry ndogo, ambayo fundi wa Chikongola alinijengea boksi la mabati nyuma. Upande mmoja kuna meza ya kukatia, upande wa pili jiko la chuma la moto mkubwa pamoja na jiko la pleti mbili, na kwenye kona ya mwisho mtungi wa gesi wa kilo 15 umefungwa mnyororo. Mtoto wa kaka yangu ndiye dereva. Kuanzia Oktoba hadi Januari tunazifuata korosho: Nanyamba, Tandahimba, Newala, miaka mingine tunashuka Masasi hadi Nachingwea na Ruangwa. Yanapokusanywa magunia, watu hawakosi. Wakulima wako foleni AMCOS, chama chao cha ushirika, makarani wanapima, makuli wanapakia malori hadi usiku wa manane, na wote hao wanataka kula.

Usiku ule makuli na madereva wapatao 50 walikuwa wameagiza wali, maharage na samaki wa kukaanga. Mchele ulikuwa kilo 12, uko jikoni, maji yamekauka nusu. Mtungi wa akiba sikuwa nao, kwa sababu geji ilinihakikishia kwamba nina gesi ya kutosha. Mtoto wa kaka akautikisa mtungi, akasema, "Shangazi, mbona mwepesi hivi?" Tukakimbilia kwa jirani kuomba kuni. Tukapewa kuni za mkorosho, mbichi kiasi, zinatoa moshi wa kuwasha macho. Tukapanga mafiga nje, tukahamisha sufuria wawili wawili, lakini wali ukishakatishwa katikati haurudi. Ulibaki na kiini. Kijana mmoja alitafuna, akasimama, akanirudishia sahani kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, wala hakusema neno. Sahani ile iliniuma kuliko pesa nilizokatwa.

Niliporudi Mtwara nilikwenda kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu Magomeni. Alifanya kazi ya ufundi wa mitambo miaka mingi kabla hajastaafu, na sote tunamwita mjomba. Nilimpelekea geji yenyewe nikiwa nimeifungua, maana niliamini ni mbovu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni nini?"

Nikamweleza. Akaigeuza, akaipuliza, akanirudishia. "Nzima hii. Wewe ndiye uliyeiuliza swali lisilo lake. Hii inapima presha. Haipimi gesi iliyobaki."

Halafu akanikalisha barazani akanifundisha jambo ambalo nilikuwa nimelipikia miaka minne bila kulijua. Ndani ya mtungi gesi haiko kama upepo. Iko kama maji. Ni mchanganyiko wa propani na butani, ulioshindiliwa hadi ukawa kimiminika, na juu yake kuna nafasi yenye mvuke. Jikoni tunaunguza ule mvuke. Kila unapotoka, kimiminika kinachemka kidogo na kujaza nafasi yake. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe, kwa hiyo kwa joto letu la pwani zote mbili zinataka kuchemka muda wote. Kinachozizuia ni chuma cha mtungi.

"Sasa," akasema, "sufuria lenye mfuniko likichemka, mvuke unausukuma mfuniko. Ukiwa na maji lita 5 unasukuma. Yakibaki maji kikombe kimoja?"

"Unasukuma vilevile, almuradi moto haujapungua."

"Basi ndiyo geji yako hiyo. Madhali kimebaki kimiminika, hata glasi moja, presha ni karibu ileile. Siku kinapokwisha, ndipo mshale unaanguka, na ukianguka umebakiwa na dakika chache."

Nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekiona na kukipuuza. Tukilala Newala, kule juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde ambako asubuhi kuna baridi, geji ilikuwa ikiamka kwenye njano. Tukishuka, jua likapiga mabati, mchana inarudi kijani. Nilikuwa naona ni maajabu ya mtungi, kumbe ni joto tu. Geji ilikuwa inanisomea hali ya hewa.

Sikuitupa lakini. Mjomba alinionyesha kazi yake: fungua mtungi, jaza presha, funga koki ya mtungi huku majiko yamezimwa, subiri robo saa. Mshale ukishuka ilhali hujapika, pana mahali panavuja, kwenye mpira au kwenye maungio. Hapo unachukua povu la sabuni unapaka, unatazama panapotoa mapovu. Usitafute uvujaji kwa kiberiti, hata kama uko gizani, hata kama una haraka. Geji yangu sasa naitumia kwa kazi hiyo kila Jumatatu na haijawahi kuniangusha.

Swali likabaki: gesi iliyobaki nitaijuaje?

Jibu nililipata msimu uliofuata, tena palepale penye korosho. Watu wa kusini hawahitaji kuelezwa kangomba, ila kwa msomaji wa mbali niseme: ni biashara ya kununua korosho za mkulima kwa kificho, kwa kupima na bakuli badala ya mizani, mara nyingi wakati mkulima ana shida na hana pa kushika. Bakuli linajazwa kichuguu, mkulima anahesabiwa kilo moja, kumbe ametoa zaidi. Serikali inaikataza na vyama vya ushirika vinaipigia kelele kila mwaka. Baba yangu aliwahi kuuza hivyo mwaka ambao mama alikuwa amelazwa hospitali ya Ligula, na hadi leo nikiona bakuli la plastiki limejazwa kwa jicho moyo unanipiga.

Sasa siku hiyo nilikuwa nje ya ghala la AMCOS nautikisa mtungi wangu, naunyanyua, nausikiliza, nagonga ubavu kwa kijiko. Karani wa mizani akawa ananitazama. Ni binti wa umri wa mwanangu. Akaniambia, "Mama, mbona unaipima gesi kangomba na mizani iko hapa?"

Nilisimama kama nimemwagiwa maji. Siku nzima nilikuwa nimekaa hatua 10 kutoka kwenye mizani ya dijitali inayopima magunia ya watu, na mimi naipima riziki yangu kwa masikio.

Tukaufungua mpira na regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha, tukauweka mtungi peke yake juu ya bamba la chuma. Namba zikacheza, zikatulia: 18.9. Akaniuliza mtungi wenyewe una uzito gani bila gesi. Sikujua. Akainama, akafuta vumbi kwa kanga yake kwenye ile shingo ya chuma inayozunguka koki, akanionyesha herufi zilizopigwa chapa ambazo miaka yote nilidhani ni namba za kiwandani tu: TW 15.4. Huo ndio uzito wa mtungi mtupu. Akatoa kwa kichwa: "Una kilo 3 na nusu."

Hiyo ndiyo hesabu yote. Uzito unaosomeka kwenye mizani, toa uzito uliopigwa chapa, kinachobaki ni gesi. Mtungi wangu ukiwa umejaa unatakiwa usome 30.4. Haujali jua, haujali baridi ya Newala, haujali kama nimepika nusu saa iliyopita.

Nikanunua mizani yangu. Kwanza nilinunua ile ya kuning'iniza wanayotumia wachuuzi wa samaki, yenye ndoano. Inafaa sana kwa mtungi wa kilo 6, unaunyanyua kwa mpini unaning'inia. Kwa ule mkubwa tulikuwa tunatafuta tawi la mwembe na watu wawili, nikaona mateso, nikatafuta mizani ya bamba ya mitumba. Na nikaanza daftari. Napima asubuhi kabla ya kuwasha na usiku baada ya kuzima, naandika na nilichopika. Baada ya wiki 3 daftari likaanza kuongea. Jiko langu la chuma likiwashwa kikamilifu linakula kama nusu kilo kwa saa. Kwa hiyo mtungi wa kilo 15 ni saa 30 za moto mkubwa. Maharage makavu yasiyolowekwa yalinila gesi kuliko chakula kingine chochote. Niliyaloweka usiku mmoja, nikapima, nikayaloweka tena usiku wa pili kuhakikisha, na tangu hapo hakuna maharage yanayopanda kirikuu yangu bila kulala majini.

Daftari hilohilo ndilo lililonifumbua macho kuhusu kosa la pili, kosa lililo kinyume cha lile la Tandahimba. Nina mtungi wa akiba wa kilo 6. Siku za nyuma, ule mkubwa ukiisha, nilikuwa naunganisha huo mdogo kwenye jiko la chuma nakaanga chapati na samaki. Baada ya muda moto unakuwa hafifu, sufuria halichemki, naapa kwamba gesi imekwisha, naupeleka dukani nabadilishiwa. Nilifanya hivyo mara tano au sita. Siku moja nikaupima kabla ya kuupeleka. Ulikuwa na kilo 1 na nusu ndani.

Kumbe kimiminika kinapochemka kinachukua joto kutoka kwenye mtungi wenyewe. Ukikivuta taratibu, hewa ya nje inarudisha joto hilo. Ukikivuta kwa jiko kubwa kutoka kwenye mtungi mdogo, mtungi unapoa haraka kuliko unavyopata joto, presha inashuka, moto unazubaa. Nilikuwa nimeushika mtungi huo mara nyingi nikausikia baridi kama chupa ya soda, na nikaona hiyo baridi ni dalili ya kwisha. Ilikuwa dalili ya kuchoka. Ukiuacha upumzike, ukahamishia jiko dogo, gesi ipo. Mtungi ule nilikuwa nabadilisha kwa shilingi 24,000, kwa hiyo robo ya pesa hiyo, 6,000, nilikuwa nairudisha dukani kila safari kwa mikono yangu. Kwa mama lishe hiyo ni pesa ya mafuta na vitunguu vya siku nzima.

Hapa niseme jambo kwa uchungu. Nimeshaona, kwa macho yangu, watu wakiwasha moto wa vifuu chini ya mtungi ili gesi ya mwisho itoke. Wengine wanaulaza chali. Ukiulaza, badala ya mvuke kinaingia kimiminika kwenye regyuleta na mpira, na kikitoka jikoni kikiwa kimiminika ule moto huwezi kuuzuia. Na moto chini ya mtungi sihitaji kuueleza. Kilo moja ya gesi haifai kupewa thamani hiyo. Kama mtungi umepoa, uache. Pika kingine kwenye jiko dogo, au ubadilishe tu.

Mizani haipo kila mahali, najua. Mtu ana mtungi mmoja chumbani Majengo au Mitwero, mizani atatoa wapi? Kuna njia ya maji moto, na hiyo naitumia njiani karibu kila siku kwa sababu hailazimishi kufungua chochote. Mimina maji moto ya kwenye chupa ya chai, yale ya kuungua kidogo ila si yanayotokota, ubavuni mwa mtungi kuanzia juu hadi chini. Kikombe kimoja kinatosha. Ngoja kidogo. Kisha weka kiganja juu, ukishushe polepole kwa mstari mmoja. Pale juu chuma kina joto, kama kikombe cha chai kilichonywewa. Unashuka, joto, joto, halafu ghafla, ndani ya upana wa kidole, unakutana na baridi. Unarudisha kiganja juu, joto. Chini, baridi. Hapo ndipo kilipoishia kimiminika. Penye gesi ya majimaji joto la maji yako limemezwa ndani, penye mvuke mtupu halina pa kwenda, linabaki kwenye chuma. Nikishapapata pale, napachora alama kwa chaki na tarehe. Mtoto wa kaka sasa anakisia kwa njia hiyo na anakosea kwa nusu kilo tu.

Mtungi lazima uwe wima na gari limesimama mahali tambarare, la sivyo mstari unapinda. Na usitegemee kukuta baridi hadi shingoni hata kwenye mtungi mpya. Hata uliojaa haujazwi wote, huachwa kama sehemu moja ya tano tupu, kwa sababu kimiminika hicho kikipata joto kinatanuka na kisipokuwa na pa kutanukia kinapasua.

Njia nyingine tumepewa bure na unyevunyevu wetu wa pwani. Wakati wa masika, ukipika mfululizo alfajiri, mtungi unatoa jasho. Tazama jasho hilo: limeishia kwa mstari, kama maji ya kupwa yanavyoacha alama kwenye nguzo ya gati. Juu ya mstari chuma kikavu. Chini matone. Ukipiga tochi kwa pembeni unaliona vizuri kabisa. Uwandani Newala wakati wa kiangazi njia hii inanikatalia, ila Lindi na Mikindani inafanya kazi hata bila kukusudia.

Rangi ya moto nimeacha kuiamini. Kila mtu husema moto ukiwa mwekundu gesi inaisha. Jikoni kwangu mara nyingi moto ulikuwa mwekundu kwa sababu maji ya chumvi ya wali yalimwagikia, au kwa sababu matundu ya jiko yameziba masizi na hewa haichanganyiki. Nikasafisha matundu kwa sindano ya cherehani, ukarudi bluu, na mtungi bado una kilo 9.

Wako pia wanaoniambia, "Nyie wa Mtwara na Lindi mnahangaika na mtungi wa nini, gesi si ya kwenu?" Swali hilo lina maumivu yake huku kwetu, waliokuwapo wakati wa vurugu za bomba la gesi za 2013 wanajua. Lakini kwa suala la mtungi jibu ni jepesi. Gesi iliyogunduliwa Songosongo 1974 na Mnazi Bay 1982 ni methani, gesi asilia. Inasafiri kwa bomba, na nyumba kadhaa za kwetu zimeshaunganishwa. Ya mtungi ni nyingine, inaingia nchini kwa meli na kutufikia kwa malori. Hata tabia zao ni mbali. Methani ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda. Ya mtungi ni nzito, ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya. Ndiyo maana nilimrudia fundi wa Chikongola akanitobolea matundu mawili chini kabisa ya boksi la kirikuu, usawa wa sakafu, pembeni mwa mtungi. Dirisha la juu pekee halisaidii. Na gari likitembea koki ya mtungi imefungwa, siku zote, hata kama tunahama mita 200.

Mwaka jana, pale Mikindani, waliegesha wageni wawili, mtu na mkewe, wana gari la kuishi ndani, refu kama Fuso, lina kitanda, jiko, na friji inayotumia gesi. Walikuja kunywa supu ya pweza. Kijana anayewaongoza akanitafsiria kwamba wamekwama: taa za kipimo chao cha gesi zimeng'ang'ania palepale tangu wavuke mpaka na hawajui kama friji itafika Lindi. Tangi lao limefungwa chini ya gari, halitoki, mizani haihusiki. Kipimo chao si cha presha kama geji yangu, ni boya linaloelea ndani ya tangi na kuinua mkono, na boya likinata linadanganya. Nikachukua chupa yangu ya chai. Mzee wa watu akalala chali kwenye mchanga chini ya gari, mimi nikachuchumaa, nikamimina, nikamshika kiganja nikakipitisha kwenye chuma. Alipoukuta mpaka wa joto na baridi aliinua kichwa akajigonga kidogo kwenye chesisi, lakini uso ulikuwa umefunguka. Kimiminika kilikuwa chini ya robo. Wakazima friji, samaki wao nikawakaangia wote jioni ile.

Duka ninalobadilishia gesi sasa wananijua. Siondoki bila kuuweka mtungi kwenye mizani yao, na EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, inawataka wauzaji wawe na mizani dukani, kwa hiyo simwombi mtu hisani. Natazama TW kwenye shingo kwanza. Kama kutu au rangi imefunika namba, naomba mwingine. Duka moja la awali, silitaji, lilinipa mtungi wenye lakiri nzima kabisa, tulipoupima ulipungua kilo 1 na gramu 200. Kijana aliyekuwa kaunta alibadilisha bila ubishi, na nikaona aibu yake ilikuwa ya kweli, naye alikuwa hajawahi kuupima. Lakini nilifikiria mitungi yote niliyoibeba hapo nyuma bila kuangalia.

Mei 2024 ndipo daftari lilipofanya kazi ambayo sikuwa nimeitarajia. Korosho zilikuwa zimekwisha, kirikuu iko Lindi mjini, nauza chapati na supu asubuhi. Kimbunga Hidaya kikaja mwanzoni mwa mwezi ule, mvua ikanyesha isivyo kawaida, na barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, kule Kilwa. Malori yakasimama. Duka langu likabaki na mitungi mitupu. Jirani zangu wa mkaa hali ilikuwa mbaya zaidi, mkaa wote umelowa.

Nikapima: 22.8. Kilo 7 na gramu 400. Matumizi yangu ya kawaida ni kilo 1 na nusu kwa siku, kwa hiyo nina siku 5. Nikaacha maharage, nikaacha kukaanga, nikabaki na supu, uji na chapati, majiko madogo tu. Daftari likasema gramu 900 kwa siku, siku 8.

Siku ya pili akaja mama mmoja wa nyumba ya nyuma. Binti yake alikuwa amejifungua usiku wa kuamkia jana yake, na hapakuwa na moto wa kumchemshia maji ya kumkanda. Alisimama mbali kidogo na kirikuu, kanga imelowa hadi mabegani, akaanza kwa kuniuliza habari za biashara. Nikajua ana haja.

Nilifungua daftari mbele yake. Lita 10 za maji zinanila gramu 100 na kidogo, nilishazipima zamani. "Lete ndoo," nikamwambia, "asubuhi na jioni, hadi barabara ifunguke." Akaniuliza kama sitaishiwa. Nikamwonyesha namba kwa kidole, mstari kwa mstari, ingawa mwanga ulikuwa hafifu.

Lori la gesi liliingia siku ya sita. Mwanangu mdogo ndiye aliyeupima mtungi jioni ile, mimi nilikuwa nakoga. Niliporudi nikakuta ameandika kwa mwandiko wake wa darasa la tano: 16.4, iliyobaki kilo 1, maji ya mzazi ndoo 10.